Hana na Sijaona

Mwanangu Mejumaa,

Barua hii utaikuta ndani ya kanga ya pili, ile mamako aliyoikunja chini kabisa ya begi. Nimeiweka huko makusudi. Nakujua, hutaigusa kanga mpaka baridi ikulazimishe, na hapo utakuwa umeshafika, umeshalala siku mbili tatu, na mimi nitakuwa nimeepuka kukutazama usoni ukisoma. Huo ni woga, na woga ndio mwanzo wa haya ninayotaka kukwambia.

Wewe na mamako mmekwenda Mtongwe kuwaaga shangazi zako. Nimeshaswali alasiri, nimekaa kwenye meza hii inayoyumba ambayo umenisuta nayo tangu uko shule ya msingi. Nimekunja kadi ya mwaliko wa harusi nikaitia chini ya mguu wake ili mwandiko utulie. Ukiona bado unatetemeka, usiilaumu meza. Nimechoka, mwanangu. Miaka thelathini ya kuinamia hadubini imenipa mgongo wa mzee wa miaka themanini, na macho nayo yananiaga kidogo kidogo.

Ya sweta, ya chakula, ya kuchagua marafiki, mamako ameshayamaliza, na alilosahau atakupigia simu. Mimi nina jambo moja tu, na linaanza na mihogo.

Humu nyumbani wote mnajua kwamba mimi sipendi mihogo. Mama Sidi akileta kikapu chake, mara mbili tatu kwa mwaka, mamako huipika kwa nazi, wewe hukwangua sufuria, na mimi huomba wali wa jana. Ulikuwa ukinicheka, "Baba, Mdigo gani wewe usiyekula muhogo?" Naipenda sana mihogo, Mejumaa. Nimelelewa nayo. Ile ya Mama Sidi ndiyo haipiti kooni.

Mama Sidi unamjua, jirani yetu wa bondeni, Mgiriama, mwenye yule binti asiyesikia. Unajua pia kwa nini huleta mihogo, maana husema mwenyewe kila akija, mlangoni, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili: "Ni ya daktari aliyemwokoa mwanangu." Mimi si daktari. Ni mtu wa maabara wa zahanati, na kila mwenye koti jeupe huku kwetu ni daktari. Na sikumwokoa mwanawe.

Unakumbuka siku uliyorudi na habari kwamba umechukuliwa kwenye maabara ya utafiti huko unakokwenda? Tulikuwa tukila. Mamako akakuuliza hasa mtakuwa mkifanya nini, ukachukua chapati ukaimega kipande. "Tazameni," ukasema. "Hiki ni kimelea cha malaria. Kimepoteza kipande kidogo tu cha vinasaba vyake, lakini kipande hicho ndicho kinachotengeneza kile kitu ambacho kipimo cha haraka hukitafuta kwenye damu. Kitu hakipo, mstari hautoki. Mgonjwa anayo malaria na kipimo kinasema hana." Ukaeleza kwamba mtakuwa mkipokea matone ya damu ya wagonjwa yaliyokauka kwenye karatasi, mnatoa vinasaba vya vimelea humo, mnavisoma herufi kwa herufi, mjue ni vipi vilivyopungukiwa na vimeenea wapi. Nikainuka nikaenda uani. Uliponifuata nilisema ni tumbo.

Halikuwa tumbo.

Ilikuwa Ijumaa, miaka tisa iliyopita. Wewe ulikuwa darasa la saba. Sidi alikuwa na miaka mitatu, na alikuwa msemaji, mtoto wa kuuliza "nini hichi?" mpaka watu wazima wanajifanya hawakusikia. Mamake alimleta mwili unawaka. Nilimchoma kidole, nikaweka tone kwenye kipimo cha haraka, tone jingine kwenye kioo cha hadubini, na matone mengine kwenye karatasi nene nyeupe yenye miduara. Siku hizo tulikuwa tukizikusanya karatasi hizo kwa ajili ya watu wa utafiti, na mamake alikuwa ameshaelezwa na kutia dole gumba. Sidi hakulia. Aliitazama damu yake inavyoenea kwenye mduara, akaniuliza, "Nini hichi?"

Nikamwambia, "Ua."

Kipimo kile hungojewa robo saa. Sijui nilikingoja muda gani, najua tu kwamba mstari ulikuwa mmoja, na mwenye malaria hutoa miwili. Mtoto mwenye homa ile humwachii mstari mmoja umsemee. Ilinipasa nikisome kioo, na kioo kina adabu yake: unatazama, unasogeza kidogo, unatazama, unasogeza, mara mia moja, ndipo unayo ruhusa ya kufungua mdomo. Mimi nilitazama kama mara ishirini. Benchi mbili nje zilikuwa zimejaa, na msikitini hotuba ilikuwa imeshaanza. Nilikuwa naiwahi Ijumaa. Tangu siku hiyo sijasimama safu ya Ijumaa bila kuona haya.

Kwenye daftari niliandika kama tulivyofundishwa: vimelea havikuonekana. Ni neno la haki lile. Linasema macho yangu hayakuona, halisemi havipo. Lakini mdomoni, kwa Mama Sidi, nilisema, "Hana malaria." Sote pale husema hivyo, ni kufupisha tu, foleni isonge. Nimelisema neno hilo maelfu ya mara na mara nyingi lilikuwa kweli, na hapo ndipo lilipoota mizizi.

Sasa jitie wewe mahali pake. Mtoto ana homa, na mwenye koti jeupe amesema si malaria. Jumamosi alfajiri mtoto anageuza macho, anapindika mikono, meno yameshikana. Ungesema ni nini? Mama Sidi alisema ni nyuni, yule ndege mbaya ambaye kwao na kwetu wazee husema humshukia mtoto akampinda viungo. Na nyuni hapelekwi hospitali, hata bibi yako alikuwa akisema hivyo, ukimpeleka akadungwa sindano anakufa. Kama si malaria basi ni nyuni, na aliyesema si malaria ni mimi. Akampeleka kwa mganga, akafukizwa, akaoshwa kwa majani, Jumamosi hiyo na Jumapili mchana kutwa.

Jumapili magharibi akatugongea. Wewe ndiye uliyemfungulia mlango. Sijui kama unakumbuka. Nilimwona yule mtoto nikajua hapo hapo, kabla sijamgusa. Nilimbeba mwenyewe mpaka kivukoni. Ndani ya feri Mama Sidi alikuwa ameushika mguu wa mwanawe, hauachi, na akaniuliza polepole, "Daktari, si ulisema hana malaria?"

Hakuwa akinilaumu. Alikuwa akiuliza kama mtu aliyepotea njia. Nami nikamjibu, "Ijumaa hakuwa nayo. Imemwingia baadaye."

Wewe unayajua haya kunishinda mimi: tangu mbu aume mpaka homa ipande hupita wiki, na zaidi. Malaria haimwingii mtoto leo ikamwangusha kesho. Nililijua hilo kabla hujazaliwa. Nilimdanganya mama wa mtoto, na mtoto nimempakata.

Hospitali huko ng'ambo walimpima, kioo kikajaa vimelea. Muuguzi mmoja akaona alama za majivu na masizi kifuani kwa Sidi, akamgeukia mamake. "Siku mbili kwa mganga. Nyinyi mtaacha lini?"

"Ni makosa yangu, dada," Mama Sidi akasema.

Nilikuwa nimesimama karibu nao, kama ulivyo mlango na meza hii. Nikanyamaza. Nilijiambia si wakati wake, mtoto atibiwe kwanza, nitasema kesho. Kesho hiyo imechukua miaka tisa.

Siku ya nne Sidi alifungua macho. Mamake akamwita, hakugeuka. Akamwita tena, akapiga makofi, akagonga kikombe kwa kijiko. Basi, ndio hivyo alivyo mpaka leo, na maneno yake nayo yakafifia moja moja kwa kukosa kuyasikia. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyewavusha, nikalala kitini nao, nikatafuta dawa iliyokosekana, mihogo ikaanza kuja.

Kuna jambo baya kuliko lile la feri. Jumatatu asubuhi niliwahi zahanati kabla ya wenzangu, nikakichukua kile kioo cha Ijumaa. Ningeweza kukitia chini ya hadubini nikakisoma mara mia, ningejua. Nilikipeleka kwenye karai nikakiosha kwa sabuni. Vioo huoshwa, hakuna aliyeniuliza. Ile karatasi yenye miduara nilikusudia kuitupa, nikashindwa. Wala sikuipeleka kwa wenyewe wa utafiti. Nilikata jina lake kwenye orodha, nikaandika "imeharibika," nikaileta nyumbani ndani ya mfuko wake wa plastiki pamoja na vile vijipakiti vya kukausha unyevu, nikaiweka kwenye mkebe wa majani ya chai juu ya kabati. Vijipakiti nimekuwa nikivibadilisha. Umeniona mara nyingi na mkebe ule, ukadhani ni vyeti.

Kwa hivyo ulipoimega ile chapati, sikukimbilia uani kwa uchungu. Nilikimbia kwa sababu nilifurahi, na furaha ile ilinitisha. Nikawaza, labda kimelea cha Sidi nacho kilikuwa kimepungukiwa. Labda kipimo hakingeona hata ningekingoja mpaka Ijumaa ya pili. Niliikumbatia ile labda wiki nzima, nikilala nayo na kuamka nayo. Halafu siku moja, nikiwa kazini, nimeinama kama kawaida, nikakumbuka kioo. Kioo hakijali kimelea kimepungukiwa na nini. Kioo kinamtaka mtu akae kitako atazame mara mia, na mimi nilitazama ishirini. Chapati iwe nzima au imemegwa, hapo sina pa kutokea.

Nikisema nimejifunza kitu katika haya itakuwa najisifu. Lakini kuna siku nyingine ambayo lazima niitaje. Ulikuwa kidato cha pili, umeanguka Kemia, umeleta karatasi ya matokeo umeificha ndani ya kitabu cha dini ukidhani sitafungua humo. Nikakuita, ukaitika abee baba, ukaja. Nikakwambia, "Wewe huna kichwa cha sayansi." Hukulia mbele yangu. Ulilia kwa mamako, naye hakunipikia siku mbili. Ni neno lile lile, mwanangu. Sikuwa nimekitafuta hicho kichwa. Nilitazama karatasi moja tu, jioni moja, nimetoka kazini nimechoka, nikasema huna. Leo unakwenda kusoma vinasaba vya kitu kisichoonekana kwa macho, na mimi natafuta maneno ya kukuomba radhi na sipati mengine ila haya: sikuwa nimetazama vya kutosha.

Jumatatu hii nilimweleza mkubwa wetu wa zahanati yote, kuanzia kioo mpaka mkebe. Alinisikiliza, akavua miwani. Akasema nitaitwa. Sijui watanifanya nini, zimebaki miezi michache nistaafu, na sina nguvu ya kuhangaika nalo. Usije ukanitetea kwa mtu yeyote. Yeye ndiye aliyewasiliana na wakubwa wenu huko, wakasema karatasi wataipokea iwapo mama mtu ataridhia upya, baada ya kuambiwa kila kitu. Kila kitu, wamesema. Ndipo nikaona kwamba hakuna njia ya kuzunguka.

Leo baada ya adhuhuri nimeshuka bondeni. Nilipita mlango mara ya kwanza nikaenda mpaka dukani, nikanunua kiberiti tusichokihitaji, nikarudi. Mama Sidi alikuwa kibarazani anamenya mihogo, na Sidi kando yake anafanya kazi ya shule. Amekuwa mrefu, ana miaka kumi na miwili. Nikapiga hodi.

"Karibu, daktari. Mwanao anaondoka kesho, eti? Hii ni yake, namtayarishia."

Nikamwambia aache kwanza. Hakuacha. Nikakaa kwenye kigoda nikaanza na Ijumaa, nikamwambia moja baada ya jingine kama nilivyokwambia wewe hapa: mara ishirini badala ya mia, neno la feri, muuguzi, kioo, mkebe. Kisu kiliendelea kumenya, polepole, kisha kikasimama.

"Kwa hivyo si mimi," akasema.

"Si wewe."

"Mganga je?"

"Kwa mganga siku zilipotea. Lakini ni mimi niliyekutuma kwa mganga. Ningesema sijaona, ungerudi kwangu."

Alikiweka kisu chini. "Miaka tisa, daktari. Babake Sidi aliondoka kwa neno hilo. Mamangu amekufa akijua ni mimi."

Nilisema nisamehe, neno likatoka dogo, nikaona haya kulirudia. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hanisamehe. Aliniuliza karatasi yenyewe iko wapi, nikaitoa kwenye bahasha nikamwonyesha, ile miduara iliyokuwa myekundu sasa ni rangi ya kahawa.

"Hii itamrudishia masikio?"

"Hapana."

"Sasa itasema nini?"

"Itasema kama malaria ilikuwemo Ijumaa ile. Na kama ilikuwa ya namna ambayo kipimo hakiioni, watajua iko huku kwetu, ili mtoto wa mwingine asiambiwe hana."

Akajifuta mkono kwenye kanga. "Mpe mwanao aipeleke," akasema, akatia dole gumba kwenye fomu, pale nilipomwonyesha, pembeni pa jina lake, akalikandamiza sana.

Sidi alikuwa ameacha kuandika zamani. Aliona uso wa mamake umebadilika, akamgusa goti. Mama Sidi akajionyesha kifuani kwa kidole, akapunga mkono: si mimi. Sidi hakuelewa. Akarudia, si mimi, akamwonyesha sikio lake, akapunga mkono tena, kisha kidole kile akakielekeza kwangu. Mtoto akanitazama. Sijui alielewa kiasi gani. Halafu akaiona karatasi mkononi mwangu, akainama kuitazama ile miduara, akafumbua viganja vyake viwili mbele yangu, kwa namna wanavyouliza huko shuleni kwao. Nini hichi?

Nikamshika mkono. Nikamgusa ncha ya kidole kile kile nilichokichoma, nikagusa mduara. Ni damu yako. Akakiangalia kidole chake, akaiangalia karatasi, akaitikia kwa kichwa kwamba amefahamu.

Asubuhi nitakupa bahasha ya kaki. Usiifungue, mkabidhi mkubwa wako mkononi, na ile fomu yenye dole iko ndani. Sijui kama watakupa wewe uisome au mwingine. Vyovyote vile, majibu yakija usiyapunguze makali kwa ajili yangu, na Mama Sidi ayapate kabla yangu. Na kama tone limechakaa na hamkuona kitu, muandike kwamba hamkuona. Msiandike hakuna.

Nasikia geti, mmesharudi. Sauti yako inafika kabla yako, kama kawaida. Mamako bado hajui haya, nitamwambia leo tukishakula, maana ataniuliza mbona nimetoka bondeni mikono mitupu mkesha wa safari yako.

Mama Sidi hakunipa mihogo. Leo ningeila.

Babako